Siku Kumi na Moja Bila Kuuliza Njia

Biharamulo, Jumamosi, baada ya alasiri

Gaspari, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, maana nilikuwa mmoja wa walioshika kamba siku tuliyokuteremsha kule kwenu Murukulazo, Ngara, chini ya migomba yako. Basi nikupe hali ya huku. Hatujambo. Mvua ilichelewa, halafu ikanyesha yote kwa wiki moja na kubomoa choo cha shule. Kibanda chako cha useremala, hapa kando ya baraza yangu, bado kimefungwa. Fundi mmoja kutoka Runazi alikuja kukiulizia, nikamwambia kimeliwa na mchwa. Hakina hata mchwa mmoja. Nitamwambia kweli akirudi, lakini siku ile nisingeweza kuvumilia kusikia randa ya mtu mwingine mahali pale.

Habari ya kifo chako ililetwa na dereva wa lori la Ngara, nami nilikuwa nakata suruali ya karani wa boma. Sikuacha kukata. Mguu wa kulia ukatoka mfupi kuliko wa kushoto, karani akakataa kuichukua, na simlaumu. Ipo hapa kwenye rafu mpaka leo. Kila ninapoiona nakukasirikia. Mtu huugua kifua siku nne tu, akafa, bila hata kumtumia mwenzake salamu aje waagane? Lakini hasira zangu unazijua, hazimalizi kikombe cha chai.

Msibani nilitakiwa niseme neno, kama mtani wako. Nikasema marehemu alikuwa fundi ambaye vitanda vyake vilidumu kuliko ndoa za waliovilalia. Watu wakacheka, hata mkeo alicheka. Nilikuwa na maneno mengine mazuri niliyoyapanga njiani, lakini yalinipotea nikakaa chini. Tangu lini mimi nikakosa maneno?

Sasa nikueleze kwa nini nimeshika kalamu, karibu miezi mitatu baada ya kukuzika. Binti yako Yustina, muuguzi wetu wa hospitali ya misheni, amepata ile nafasi aliyoiomba ukiwa hai. Anakwenda Dar es Salaam kusomea ukunga kwenye hospitali kubwa, miaka miwili. Ungefurahi mpaka ungevunja kiti. Jana alikuja hapa barazani na ile barua mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Mbona umependeza hivyo?"

"Mama ameniruhusu kwenda. Alikuwa amekataa, akasema mji ule sitakuwa na mtu. Halafu akakumbuka kwamba wewe una jamaa zako kule, wale waliokupokea wewe na baba. Amesema uniandikie majina yao na mtaa. Lori ni Alhamisi."

Nilichukua penseli nyuma ya sikio, nikaweka karatasi juu ya cherehani, nikainama. Sikuandika kitu. Nikamwambia mwanao, macho makavu kabisa, kwamba jamaa zangu walihama nyumba, inabidi nitafute barua yao ya mwisho, aje Jumatatu. Akanishukuru, Gaspari. Akapiga goti kidogo, akaniambia asante, akaenda zake.

Wewe peke yako duniani unajua kwamba mimi sina jamaa Dar es Salaam. Sina hata mbuzi.

Sikuanza mimi, uniamini. Babu yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akafia hapa. Baba alizaliwa hapa, na mimi nilizaliwa hapa, nyuma ya boma la Wajerumani. Lakini katika mji huu mtu akivaa kanzu safi na Kiswahili chake kikawa hakikwaruzi, hakuna amwulizaye ushahidi. Ikifika harusi huniita: Mzee Salumu, pwani hufanywaje? Nami siwezi kuwaacha watu na harusi yao bila jibu. Nusu ya desturi za pwani zinazofuatwa Biharamulo nimezitunga mimi, hapa hapa, mguu ukiwa kwenye cherehani. Wewe ulikuwa ukisikia kutoka kibandani kwako na kupiga msumari kwa nguvu zaidi. Sasa naelewa kwamba ulikuwa unacheka.

Halafu sikio lako likaharibika. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita. Lilitoka usaha mwezi mzima, ukawa husikii upande wa kushoto, na daktari akaandika kwamba uende Dar es Salaam. Pale boma wakauliza nani atakusindikiza na mtafikia wapi. Mimi nilikuwa nampima karani bega. Hakuna aliyeniuliza. Mdomo ulifunguka wenyewe: "Nitamsindikiza mimi. Nyumba ya ami yangu ipo Kariakoo." Karani akaandika, mhuri ukapigwa, na waranti za gari la moshi zikatoka mbili. Ulinitazama kwa furaha kubwa. Ulisema, "Sarumu, basi nitaona kwenu." Uliniita Sarumu maisha yako yote na sikukurekebisha hata mara moja.

Ukabeba kibuyu cha asali ya misitu yetu kwa ajili ya ami yangu. Kutoka hapa mpaka Nyamirembe kwa lori, kutoka Nyamirembe kwa meli mpaka Mwanza, halafu siku zile zote ndani ya gari la moshi, kibuyu kilikuwa katikati ya magoti yako. Nami njia nzima nilikusimulia nyumba yetu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kweli, maneno ya babu: nyumba iko karibu na msikiti, na mbele ya msikiti kuna mnazi. Msikiti wenye mnazi mbele yake! Katika Dar es Salaam, Gaspari, ni sawa na kumwambia mtu aende Ngara akatafute nyumba yenye migomba nyuma.

Hospitali walitazama sikio, wakaliosha, wakatia pamba, wakasema uje kila asubuhi kwa siku kumi. Mtu anayeweza kutembea hapewi kitanda. Kwa hiyo saa tatu asubuhi tulikuwa nje, jua limewaka, mji mzima uko mbele yetu, na mwenyeji wako ni mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu kwa mpita njia yeyote. Kuuliza si ujinga, hilo watoto wanalijua. Lakini mwenyeji atauliza njia ya kwao? Nikakunja kanzu nikatangulia.

Nakumbuka kila hatua ya siku ile, kwa sababu kila hatua ilinichoma. Tulipita msikiti wa kwanza, mnazi upo, nikasema huu siyo. Wa pili, minazi miwili, nikasema mmoja umeota baadaye. Wewe ulikuwa unatazama juu, kushoto, kulia, unatafuta kitu. Nilipokuuliza ukasema unatafuta mlima. Kwenu mtu hujua alipo kwa kutazama kilima cha nani kiko upande gani. "Mji huu umelazwa chini kama mkeka," ulisema. "Watu wake wanajuaje wako wapi?" Nikakwambia watu wa pwani tunajua kwa upepo. Ulikubali kwa kichwa, ukaniwekea sikio bovu.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yako siku zile zote. Nikisema kitu cha kweli ulinisikiliza kwa sikio la kulia. Nikianza uongo uligeuza shingo taratibu, ukanipa la kushoto, lenye pamba.

Adhuhuri tulipita mbele ya fundi baiskeli mwenye kibao kilichopasuka katikati. Alasiri tukapita tena. Jua likiwa limeinama tukapita mara ya tatu, fundi akatupungia mkono kama watu wa ukoo. Ukasimama ukasema kwa upole, "Mji huu una mafundi baiskeli wengi, na wote kibao chao kimepasuka mahali pamoja." Nilitaka ardhi inimeze. Nilifungua mdomo nikuambie yote. Naapa nilitaka. Lakini uliniwahi. Ulikaa kwenye ukingo wa mfereji, ukaweka kibuyu chini, ukasema, "Sarumu, leo tusiende kwa ami yako. Sisi Wahangaza hatulali katika nchi ya watu kabla ya kwenda kwa mtwale, mkubwa wa nchi, kusema tumefika. Na asali hii kwanza ni yake. Tumtafute mtwale wa mji huu."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa mjinga au vipi. Mtwale wa Dar es Salaam! Lakini niliishika desturi ile ya kwenu kama mtu anayezama. Nikasema naam, desturi ni desturi, ami atangoja. Usiku huo na uliofuata tulilala stesheni na wasafiri wengine, na kesho yake ukishaoshwa sikio tulianza kumtafuta mwenye mji.

Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa siku kumi na moja kwa miguu.

Kwenye ofisi ya kwanza tarishi alituuliza tuna kesi gani. Ukavua kofia ukamjibu, "Hatuna kesi. Tumekuja kusema kwamba tumekuja." Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita wa tatu. Wakatutuma ofisi nyingine, ng'ambo ya mji, na kule wakatutuma nyingine. Wengine walitucheka, wengine walidhani tunawacheka wao. Lakini ilibidi twende kote huko, na kote huko tulikwenda kwa miguu. Tulipita Uzunguni, ambako nyumba zimejificha nyuma ya maua na askari hataki uketi kivulini. Tulipita Uhindini, nawe kwa kuwa kwenu mtu hapiti mbele ya mlango wa mtu bila kusimama, ulisimama kila duka, ukauliza hali ya mwenye duka, ya mkewe, ya watoto, ya ng'ombe wake. Mtaa mmoja ulitumaliza nusu siku. Muuza vitambaa mmoja alidhani unataka kununua, akakunjua majora sita, halafu ukamshukuru na kumtakia heri. Nilivuka barabara nikajifanya sikujui.

Siku ya tatu, Ilala, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaanga vitumbua mbele ya nyumba yake alitushika kwa sauti. "Nyie! Juzi nimewaona, jana nimewaona, leo tena. Mmepotelewa na nini?" Mimi nikaanza: hatukupotelewa, sisi ni wenyeji. Wewe ukasema, "Tunamtafuta mwenye mji, mama, tumwambie tumefika." Hakucheka yule. Alitutazama miguu, vumbi mpaka magotini, akauliza, "Na mmekula?"

Ulimpa kibuyu chote. Ulikishika kwa mikono miwili, ukainama, ukasema mwenye mji ni yule anayeuliza wageni kama wamekula. Bi Zuhura hakujua afanye nini na asali nyingi namna ile. Alitupa chumba cha uani, na tulikaa kwake mpaka mwisho. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe hukungoja. Kesho yake uliazima msumeno ukambadilishia mlango wa nyuma uliokuwa umeoza chini, ukamtengenezea na kinu kipya.

Siku nane zilizobaki, ndugu yangu, hatukutafuta mtu. Asubuhi sikio, halafu mji. Hatukulipa senti kwa chochote tulichokiona. Tulikwenda mpaka Daraja la Salenda na kurudi. Tulikwenda karakana za reli, Gerezani, ukakaa nje ya ua unasikiliza chuma kwa sikio lako zima. Ulipapasa kila mlango wa nakshi mpaka mwenye nyumba mmoja akatufukuza na fimbo, na ulipokuwa unakimbia bado ulikuwa unanieleza jinsi ulivyounganishwa bila msumari. Bahari uliionja, ukatema, ukasema imeharibika. Siku moja pale uwanja wa Mnazi Mmoja tulitazama mpira wa watu tusiowajua, ukachagua upande, upande wako ukafungwa, ukahuzunika kwelikweli. Ulinunua chungwa moja tukagawana. Ulisema, "Sarumu, sikujua mtu anaweza kwenda mahali bila shughuli." Nami kwa mara ya kwanza tangu Nyamirembe nilikuwa sisemi uongo wowote, kwa kuwa hukuwa umeniuliza kitu. Hukuniuliza tena habari za ami. Hata mara moja.

Tuliporudi, mji wote ulijaa hapa barazani. Wakakuuliza: jamaa za Salumu je? Nilishika uzi ukakatika. Ukajibu, "Tulipokewa vizuri. Tulikula wali wa nazi. Mji ni mkubwa." Kila neno lilikuwa kweli. Halafu ukaenda kibandani kwako, na katika miaka kumi na miwili hukuongeza neno la nne. Wewe, uliyeweza kufanya hadithi ya nusu siku kutokana na msumari uliopinda!

Sikukushukuru. Nilidhani nikikushukuru itabidi tuseme jambo lenyewe.

Sasa Yustina anataka majina. Nikimpa majina ya uongo atafika stesheni na sanduku lake atafute msikiti wenye mnazi. Nikisema kweli, mama yake atamzuia, nafasi itapotea, na mimi nitakuwa kichekesho cha mji huu mpaka kaburini. Nimeandika mpaka hapa na karatasi ile ya majina bado ni nyeupe.

*

Jumanne

Gaspari, nimeyasema.

Jana sikumngoja Yustina aje. Nilivaa kanzu, nikaivua, nikavaa suruali na shati la kazi, nikaenda misheni kwenye chumba chake. Mkeo alikuwapo, amekuja kutoka Murukulazo kumsindikiza. Nilikaa kwenye kile kigoda ulichomtengenezea Yustina alipoanza kazi. Nikasema: mimi sina jamaa Dar es Salaam, sikuwa nao wakati ule, sina leo, nimezaliwa nyuma ya boma na kabla ya safari ile bahari sikuwahi kuiona.

Yustina alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka wauguzi wenzake wakachungulia, kwa hiyo hesabu kwamba mji wote umeshajua. Lakini mkeo hakucheka. Alikuwa anachambua maharage, akaacha.

"Basi mlirara wapi, siku zote zile?"

Nikamweleza stesheni. Nikamweleza Bi Zuhura. Alinikatiza.

"Kuna mwanamke?"

"Yupo, shemeji. Wakati ule alikuwa na miaka sabini, akatukaangia vitumbua."

Alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikadhani anacheka, kumbe sasa analia. Gaspari, hukuniambia hili, na labda hukulijua mwenyewe. Mkeo miaka kumi na miwili aliamini kwamba uliacha mwanamke kule. Mtu wa maneno mengi kama wewe unakwenda mji mkubwa kuliko yote, unarudi na maneno matatu? Kila alipokuuliza ulitazama pembeni, akafunga moyo wake akanyamaza. Ili kuficha uongo wangu mmoja, ilibidi ufiche safari nzima. Kibao cha fundi baiskeli, mlango wa nakshi, bahari iliyoharibika, vyote hukumpa. Ulinihifadhia mimi heshima yangu ya kanzu, akailipia yeye.

"Umeninyima siku kumi na moja za mume wangu," aliniambia. Hakuwa amekasirika. Ningependelea angekasirika.

Nikaendelea kusimulia, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Nilipofika kwenye mtwale aliinua kichwa. Akaniambia nirudie. Nikarudia maneno yako yale yale: hatulali katika nchi ya watu kabla ya kwenda kwa mtwale.

"Sivyo," alisema. "Kwetu mtu mwenye jamaa haendi kwa mtware. Jamaa zake ndio wanaokwenda kumtaja. Anayekwenda mwenyewe, na zawadi mkononi, ni yule asiye na mtu."

Yustina akaona ndiyo wakati wa kunipa chai. Kumbe ulinijua tangu alasiri ya kwanza, pale mferejini. Kumbe uliniambia, kwa njia ya kwenu, wazi kabisa, kwamba unajua sina mtu na kwamba twende pamoja kama wawili wasio na mtu. Na mimi, mtaalamu wa desturi, nikafurahi kwamba nimekudanganya. Nimekulilia tangu ufe, lakini jana ndipo nilipojua nimempoteza nani.

Mkeo alinitaka nianze tena mwanzo. Akasema niende polepole, nisiruke mtaa. Alitaka kujua ulivaa nini, ulikaa upande gani, chungwa lile mlikula mmeketi au mmesimama. Wakati adhana ya magharibi inalia tulikuwa bado Uhindini, duka la nne. Nikaswali pale pale nje, nikarudi tukaendelea. Mwisho akaniuliza, mji ule kuuvuka ni mwendo gani? Nikamwambia sijui, sikuwahi kuuvuka bila Gaspari, na Gaspari humchukua siku kumi na moja.

Akachambua maharage mpaka yakaisha. Halafu akasema Yustina ataenda, na yeye atakwenda naye, na mimi nitawapeleka. Nikamkumbusha kwamba ni mbali. Akasema kutoka Murukulazo mpaka hapa ni mbali pia na amekuja. Nikamwambia kule hakuna mtu wa kutupokea, hata Bi Zuhura huenda amekwisha kufa. Akasema, "Tutakwenda kwa mtware," na hapo hatimaye akanicheka usoni.

Kwa hiyo leo nimefunga kazi. Yule fundi wa Runazi nimempa ufunguo wa kibanda chako, nimemwambia hakuna mchwa. Harusi ya mwezi ujao watafute mtu mwingine wa kuwaambia pwani hufanywaje, au wafanye wanavyopenda wenyewe, watafurahi zaidi. Asubuhi ya leo wazee wawili walipita hapa wakaniuliza kwa ukali wa mchezo, "Mtu wa pwani, hujambo?" Nikajibu sijambo. Haikuuma sana kama nilivyoogopa miaka yote.

Kwaheri, Gaspari. Sijui kama dini yenu inaruhusu marehemu kusomewa barua na Mwislamu, lakini mkeo amesema atanisindikiza kaburini tukirudi, na nitakusomea hii yote kwa sauti, upande wowote utakaoupenda.

Na ahadi yangu ndiyo hii. Alhamisi tunapanda lori. Tukishamfikisha Yustina hospitali, nitamchukua mkeo kwa miguu, kila mahali tulipopita, na kila mahali nitasimama nimwambie ulifanya nini hapo, hasa pale panaponitia mimi aibu. Njia ikinipotea nitauliza mtu wa kwanza nitakayemwona. Siku zake kumi na moja nitamrudishia zote, moja moja.

Mimi ndugu yako,
Salumu, mshona nguo,
mtu wa Biharamulo.